"Mama Anauza Samaki": Kusoma Vitabu vya Picha kwa Mazungumzo na Watoto wa Lubumbashi

1. Utangulizi

Tuchukue ukurasa mmoja wa kitabu cha picha. Mwanamke ameketi sokoni, mbele yake pana beseni la samaki, na nyuma yake mbwa ananyoosha shingo. Chini ya picha pameandikwa: "Mama anauza samaki." Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hana la kuuliza. Mtoto wa Katuba au wa Ruashi anasikia jambo jingine kabisa, kwamba mama ananunua samaki. Katika Kiswahili cha Lubumbashi *kuuza* ni kununua. Anayetoa bidhaa ili apate pesa *anauzisha*. Sentensi ya maneno matatu, yote ya Kiswahili, inampa mtoto maana iliyo kinyume cha picha anayoitazama.

Ukurasa huu nimeutunga na kuuchora mwenyewe kwa ajili ya makala hii, lakini tatizo lake si la kutunga. Vitabu vya picha vya Kiswahili vinavyoweza kutufikia hapa vimeandikwa kwa Kiswahili sanifu, hasa Tanzania na Kenya. Watoto watakaosomewa wanazungumza Kiswahili cha mji huu. Na shule inayowangoja itawadai Kifaransa mapema.

Makala hii inahusu njia ya kusoma vitabu vya picha na watoto wa miaka 2 hadi 6 ambayo nitaiita usomaji wa mazungumzo. Katika njia hii mkubwa humuuliza mtoto juu ya picha, hulipokea jibu lake na kulirefusha, mpaka mtoto mwenyewe awe msimulizi. Swali ninalouliza ni la hapa kwetu: mtoto wa Lubumbashi azungumze Kiswahili kipi mbele ya kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili kingine? Jibu langu ni kwamba azungumze Kiswahili chake, na mkubwa amjibu kwanza kwa Kiswahili hicho hicho. Kiswahili cha kitabu kifuate baada ya mazungumzo. Nitajaribu kuonyesha kwamba bila sharti hili njia yenyewe haifanyi kazi.

2. Njia na hatua zake

Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika jimbo la New York, Marekani, kwa watoto wa miezi 21 hadi 35. Wazazi wa kundi la kwanza walifundishwa kuuliza maswali na kuyarefusha majibu ya watoto wao. Wazazi wa kundi la pili waliendelea kusoma walivyozoea, mara nyingi sawasawa na wenzao. Baada ya mwezi mmoja, watoto wa kundi la kwanza walikuwa mbele kwa miezi 6 katika kipimo kimoja cha kusema, na kwa miezi 8.5 katika kingine. Vitabu havikuongezwa, wala mara za kusoma. Kilichobadilika ni nani anayesema wakati kitabu kimefunguliwa.

Njia hiyo ina hatua nne. Ya kwanza ni kuchochea: mkubwa anauliza jambo juu ya picha. Ya pili ni kupokea: anaonyesha kwamba amelisikia jibu, na kama limepotoka analielekeza. Ya tatu ni kupanua: analirudisha jibu la mtoto likiwa limeongezewa kidogo. Ya nne ni kurudia: mtoto anapewa nafasi ya kuisema sentensi iliyopanuliwa.

Uchochezi wenyewe uko wa aina tano:

a) kukamilisha, pale mkubwa anapoiacha sentensi katikati ili mtoto aimalize;
b) kukumbuka yaliyopita katika hadithi;
c) swali lililo wazi, kama "Unaona nini hapa?";
d) swali la nani, nini, wapi na kwa nini;
e) kuihusisha picha na maisha ya mtoto mwenyewe.

Aina ya kwanza si ngeni kwetu. Msimulizi wa pwani akisema "Paukwa!" wasikilizaji humjibu "Pakawa!", na wasimulizi wa huku bara nao wana vibwagizo vyao vinavyoitikiwa. Lakini kuitikia ni kusema maneno ambayo kila mtu anayajua tayari. Usomaji wa mazungumzo unamtaka mtoto aende mbali zaidi, atunge sentensi ambayo hakuna aliyemtayarishia. Kadiri tunavyoshuka kutoka (a) hadi (e), ndivyo kazi ya kutunga inavyozidi kuwa ya mtoto.

3. Mfano kutoka nchi ya Kenya

Wasomaji wa Lubumbashi wataniwia radhi kwa kutaja kwamba hapa Kenya ni nchi, si komini yetu. Heather Knauer, Pamela Jakiela, Owen Ozier, Frances Aboud na Lia Fernald walichapisha mwaka 2020 utafiti uliofanyika vijijini nchini humo. Familia zilipewa vitabu vya picha vinavyolingana na lugha na utamaduni wa mahali, na walezi wakafundishwa usomaji wa mazungumzo. Pale mafunzo yalipotolewa, watoto walijifunza kwa wingi maneno yaliyomo ndani ya vitabu hivyo. Matokeo mengine yanatugusa zaidi: watoto wa walezi wasiojua kusoma walifaidika angalau sawa na watoto wa walezi wanaojua.

Matokeo haya yanahitaji uangalifu. Kujua maneno ya kitabu fulani si sawa na kuwa na msamiati mpana kwa jumla, na watafiti hao wanatofautisha mambo hayo mawili. Lakini habari ya walezi wasiojua kusoma inabomoa wazo lililoenea hapa mjini, kwamba kitabu ni kazi ya mwalimu au ya yule wa nyumbani aliyefika shule. Kama nyanya asiyejua herufi anaweza kumsaidia mjukuu wake kwa kitabu cha picha, basi kinachofanya kazi ni picha pamoja na mazungumzo. Na mazungumzo hayo, nyanya atayafanya kwa lugha aliyo nayo.

Lubumbashi tunalo hata somo letu wenyewe la picha na mazungumzo. Katika miaka ya 1970 vyumba vya wageni vya mji huu vilipambwa kwa michoro ya wasanii wa mitaani: *mamba muntu*, *Colonie belge* na mingineyo. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian walieleza kwamba wenye michoro hiyo waliiita *ukumbusho*: ilitundikwa ili mtu aitazame, akumbuke na asimulie. Mwaka 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimletea Fabian picha za historia ya nchi, na wakazizungumzia moja moja, kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Picha 101 pamoja na mazungumzo hayo zilitolewa katika kitabu mwaka 1996. Kwa hiyo kuketi mbele ya picha na kuifanya iseme si desturi iliyoletwa na mashirika. Kilicho kipya ni kumpa nafasi hiyo mtoto wa miaka mitatu.

4. Kiswahili cha mtoto na Kiswahili cha kitabu

Tangu Edgar Polomé alipokichambua katika miaka ya 1960, Kiswahili cha Lubumbashi kinajulikana katika isimu kuwa mfumo wenye kanuni zake. Hapa nakumbusha sifa chache tu zinazogongana na kitabu cha picha mara kwa mara:

- viambishi vya ngeli: *mutoto, batoto; kintu, bintu*, na udogo wa *ka-* na *tu-*;
- upatanisho: wanyama huchukua *i-* (*imbwa inakula*), ambapo sanifu husema *mbwa anakula*;
- mahali: *mu nyumba, ku soko*, badala ya *nyumbani, sokoni*;
- tendo linaloendelea: *mama eko nauzisha, imbwa iko nakula*;
- msamiati wenye umbo moja na maana mbili, kama *kuuza*.

Juu ya hayo kuna Kifaransa. Vincent de Rooij, katika utafiti wake wa mwaka 1996, alionyesha jinsi wazungumzaji wa Shaba wanavyotumia viunganishi vya Kifaransa kupangia maelezo yao ya Kiswahili. Mtoto anayesema *paske* ameipata kutoka kwa watu wazima wanaomzunguka.

Sasa tuirudie hatua ya tatu, kupanua, kwa jicho la sarufi. Mtoto ametazama picha yetu akasema: "Imbwa inakula." Mkubwa wa kwanza anamjibu: "Hapana. Sema: mbwa anakula." Amebadilisha nomino, amebadilisha kiambishi cha upatanisho, na hakuongeza kitu. Sentensi ilikuwa na nomino na kitenzi. Bado ina nomino na kitenzi. Habari pekee aliyoipata mtoto ni kwamba alivyosema si sawa.

Mkubwa wa pili anamjibu: "Eee, imbwa iko nakula samaki ya mama." Ameongeza yambwa, kisha ameongeza mmiliki. Muundo wa mtoto umebaki kuwa msingi, na nyongeza imekaa juu yake, kwa hiyo mtoto anaweza kuirudia. Huko ndiko kupanua. Mkubwa wa kwanza amefanya kazi nyingine, ambayo ni kusahihisha, na ameifanya mahali pa kupanua.

Tofauti hii ndiyo hoja yangu yote. Kupanua kunahitaji sarufi moja pande zote mbili. Mkubwa akihamia sarufi nyingine katikati ya mazungumzo, mtoto hana mahali pa kuegeshea nyongeza.

5. Somo la mfano

Mazungumzo yafuatayo yametokana na usomaji wa jioni nyumbani kwetu Katuba, na binti wa dada yangu mwenye miaka mitatu na nusu. Hayatoshi kujumlisha chochote juu ya watoto wa mji. Nayaweka ili hatua zionekane.

— Unaona nini hapa?
— Imbwa.
— Eee, imbwa. Iko nafanya nini?
— Iko nakula.
— Iko nakula samaki ya mama. Sema nawe.
— Iko nakula samaki ya mama.
— Juu ya nini iko nakula samaki ya mama?
— Paske iko na njala.
— Eee, imbwa iko na njala sana. Na mama atafanya nini?
— Atapiga imbwa!

Tuangalie jibu la nne. Mtoto ametoa sababu, na ameiunganisha na tendo. Kwa mwanaisimu hilo ni tukio: kishazi tegemezi cha sababu kimetungwa na mtoto bila kuazimwa kutoka swali. Mkubwa ambaye sikio lake limenaswa na *paske* atamwambia aseme *kwa sababu*, na tukio lenyewe litampita. Neno la kuunganisha litabadilishwa siku yoyote. Mazoea ya kutoa sababu yanajengwa sasa.

Baada ya hapo nilihamia maisha yake mwenyewe:

— Nawe ulienda ku soko na mama. Muliuza nini?
— Bunga.
— Eee, muliuza bunga ya bukari.

Hapa *muliuza* ni *mlinunua*, na tumeelewana. Ndipo nikausoma mstari wa chini ya picha, polepole, kidole kikiwa chini ya maneno: "Mama anauza samaki." Kwa mtoto wa umri wake nilisoma tu, kisha nikasema: "Mama eko nauzisha." Kwa watoto wa miaka mitano au sita tunaweza kwenda mbele zaidi: "Kitabu inasema *anauza*. Kwetu tunasema nini?" Mtoto aliyekwisha kuizungumza picha anajua kwamba mwanamke anatoa samaki na kupokea pesa. Ana ushahidi wa kulihoji neno. Kilichokuwa kikwazo kimekuwa somo la semantiki, na mtoto ndiye anayelitoa.

Hii ndiyo faida ya kuanza na mazungumzo. Tukianza na mstari, maana ya mstari inaitia ukungu picha. Tukianza na picha, picha inaulinda ufahamu wa mtoto hata neno linapomgeuka.

6. Swali la kuuliza na swali la kutahini

Kuna ugumu mwingine ambao vitabu vya mwongozo huugusa kidogo. Shirley Brice Heath, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu jamii za Carolina, Marekani, alionyesha kwamba si kila jamii huwauliza watoto wadogo maswali ambayo muulizaji anayajua majibu yake. Katika mtaa aliouita Trackton, watu wazima waliwauliza watoto zaidi kitu fulani kinafanana na nini, na mara chache kitu kinaitwaje. Watoto wale walipofika shuleni, maswali ya mwalimu yaliwashangaza.

Nyumba nyingi ninazozijua hapa zinafanana na Trackton katika jambo hili. Mkubwa akimuuliza mtoto "Hii ni nini?" huku akimtazama machoni, mtoto anahisi anatahiniwa, au ametenda kosa, naye hunyamaza kwa adabu. Kimya hicho mara nyingi huchukuliwa kuwa ni kutojua.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, tuanze na maswali ambayo mkubwa kweli hana jibu lake: "Ungekuwa wewe, ungefanya nini?" au "Imbwa hii inafanana na ya nani?" Majina ya vitu yatakuja yenyewe njiani. Pili, tuwatumie *yaya*, kaka na dada wakubwa. Mtoto wa miaka kumi akikaa na mdogo wake juu ya mkeka hamtishi, tena ana wakati ambao mama aliyeshinda sokoni hana. Dakika kumi zinatosha, na kitabu kimoja kinaweza kurudiwa mara nyingi, kwa kuwa kila marudio humpa mtoto nafasi ya kusema kile ambacho mara ya kwanza alikisikia tu.

7. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza hutoka kwetu sisi wa lugha za Kiafrika: je, hatutakuwa tunawanyima watoto Kiswahili bora? Nadhani wasiwasi huu unachanganya mpangilio na lengo. Mtoto atausikia mstari wa kitabu kila jioni, tena akiwa tayari anajua unahusu nini. Kinachokatazwa ni kuutumia mstari huo kumnyamazisha. Tukumbuke pia kwamba Kiswahili cha mji huu kimewahi kuandikwa na wenyewe. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho historia ya Elisabethville kwa macho ya watumishi wa nyumbani. Fabian alipoitoa mwaka 1990, ilimbidi kupata msaada wa Kalundi Mango, mwenyeji wa Lubumbashi, aliyeyasoma maandishi kwa sauti ili maana itoke. Hata katika maandishi, Kiswahili hiki kimeomba sauti ya mtu anayekizungumza.

Pingamizi la pili ni la wazazi: Kifaransa ndicho kitakachompa mtoto kazi, basi tumsomee Kifaransa tangu mwanzo. Mzazi anayesema hivyo anaujua mji wake, na sitamdharau. Lakini usomaji wa mazungumzo unamtaka mkubwa aweze kupanua sentensi yoyote atakayoitoa mtoto, papo hapo, bila kujiandaa. Mzazi ambaye Kifaransa chake ni cha salamu na hesabu atabaki kwenye "*C'est quoi?*" na "*C'est un chien*", yaani kwenye kutaja majina, ngazi ya chini kabisa. Kwa Kiswahili chake anaweza kuuliza sababu, kukisia na kukumbuka. Mtoto anayezoea kusimulia kwa mpangilio ataingia darasani akiwa na kitu cha kusema; lugha ya kukisemea atafundishwa. Hata sheria haimpingi: Katiba ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa inaruhusu lugha za taifa na lugha za mazingira kufundishia.

8. Hitimisho: kazi iliyo mbele ya kitivo

Tangu masomo ya msingi yatangazwe kuwa bure mwaka 2019, madarasa ya kwanza yamejaa zaidi, na katika darasa lililojaa mtoto mmoja mmoja hapati nafasi ya kusema sentensi ndefu. Kama hakuipata nyumbani, huenda asiipate kwa muda mrefu. Ndiyo maana naona suala hili halihusu wataalamu wa elimu peke yao.

Sisi wa isimu tunaweza kufanya mambo matatu ambayo hayangoji fedha. La kwanza ni kutayarisha orodha fupi ya maneno yenye umbo moja na maana tofauti kati ya sanifu na Kiswahili cha Lubumbashi, ya aina ya *kuuza*, ili anayeshika kitabu cha Nairobi au Dar es Salaam ajue mapema mahali pa kusimama. La pili ni kutumia hadithi za African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini uliozinduliwa 2014. Leseni zake zinaruhusu kutafsiri, kurekebisha na kuchapa, kwa hiyo chini ya picha moja tunaweza kuweka mistari miwili, wa sanifu na wa hapa, na tukautafutia huu wa pili tahajia tunayokubaliana.

La tatu linaweza kuanza wiki hii. Kila mwanafunzi mwenye mtoto mdogo nyumbani, kwa idhini ya wazazi, arekodi dakika kumi za kusoma kwa simu, kisha ahesabu: mkubwa amesema maneno mangapi, na mtoto mangapi? Ni mara ngapi jibu la mtoto lilipanuliwa, na mara ngapi lilisahihishwa tu? Hesabu ya namna hiyo, ikikusanywa kutoka Katuba, Kamalondo, Ruashi, Kampemba na kwingineko, itatuambia zaidi kuliko mabishano yetu juu ya Kiswahili kipi ni bora.